Ukiongoza, Usianze Kulinda: Kwenu Mnaoingia Kyorugi, Pambano la Taekwondo

Wadogo zangu, nimekuwa nikiwatazama kando ya mkeka, na kosa ni lile lile. Mtu anaongoza kwa pointi mbili, anautupia ubao jicho, mikono inashuka, miguu inaanza kurudi nyuma kuelekea mstari. Kocha anapiga kelele kwenye kona hadi sauti inamkauka. Nawapenda sana, ndiyo maana naandika nikiwa na hasira.

1. Hogu, kinga ya kifua, ivaeni kabla hamjaitwa, kamba akukazie mwenzako.

2. Pambano linaisha refa akilimaliza. Itafuteni fainali ya kilo 80 ya Olimpiki ya Rio, tarehe 19 Agosti 2016. Lutalo Muhammad wa Uingereza hakuwa mgeni: alikuwa na shaba ya London 2012, na kabla ya kuipata alivumilia maneno mengi ya waliodai kuwa nafasi ile ya timu ilimstahili Mwingereza mwenzake, Aaron Cook. Sasa dhahabu iko mbele yake. Anaongoza 6 kwa 4, imebaki sekunde moja. Cheick Cissé wa Côte d'Ivoire, kijana wa miaka 22, anageuka, mguu unazunguka na kutua kichwani. Pointi nne. 8 kwa 6, basi. Mmoja akakimbia mkekani kama aliyefunguliwa kamba, mwingine akalia mbele ya kamera za nchi yake. Lutalo simlaumu, maana kiwango kile wengi wetu hatutakifikia. Ninachotaka mkione ni huyu aliyekuwa nyuma: hakuhesabu kilichopotea, alirusha teke. Hadi asubuhi ya siku ile, medali pekee ya Olimpiki ya Côte d'Ivoire ilikuwa fedha ya Gabriel Tiacoh, mita 400, Los Angeles 1984. Miaka 32! Na siku hiyo hiyo Ruth Gbagbi naye akapata shaba. Kila nikiirudia fainali ile mwili unanisisimka.

3. Msidhani kanuni za sasa zitawaokoa. Raundi zikihesabiwa kila moja peke yake, mshindi akiwa wa mbili kati ya tatu, kila raundi ina sekunde yake ya mwisho. Na ukikimbia hadi utoke nje ya mstari, gam-jeom hiyo, yaani adhabu ya refa, inampa mwenzako pointi bila jasho.

4. Kuhusu jina. Wapo wanaoulizia wafadhili na hawajajua kusimama. Faith Ogallo wa Kenya alifika Olimpiki ya Tokyo, akakutanishwa na Milica Mandić wa Serbia pambano la kwanza, akatoka. Mandić akaenda kuchukua dhahabu. Magazeti huandika matokeo tu, lakini sisi wa mkekani tunajua kazi iliyomfikisha pale, na heshima yake kwangu haijapungua. Cissé naye, bingwa mwenye jina bara zima, alitoka Tokyo mikono mitupu. Angeweza kukaa nyumbani akala sifa. Akarudi, na Paris 2024 akapata shaba katika uzito wa zaidi ya kilo 80.

5. Zoezi la wiki hii: wawili wawili, mmoja anaanza akiongoza kwa pointi mbili, saa ina sekunde kumi. Anayeongoza ndiye atakayetangulia kurusha teke. Akirudi nyuma hatua mbili, tunaanza upya, na tutaanza upya hata kama chakula cha jioni kitapoa.