Lipa namba ipo ukutani, mbona wateja bado wanatoa noti?

Mkuu, umesema duka lako la Sinza lina lipa namba, yaani namba za kupokelea malipo ya simu, za mitandao yote na bado wateja wengi wanakulipa kwa noti, ukauliza kama Watanzania tunaogopa teknolojia. Nimekaa kwenye uwakala wa pesa za simu Mbagala Rangi Tatu kwa miaka, na sasa nauza vifaa vya umeme hukohuko, kwa hiyo nimepokea pesa hizi na nimezitoa pia. Woga haupo. M-Pesa imeingia nchini tangu 2008, na wamama wasiowahi kukanyaga benki walikuwa wanatuma ada za watoto kwa simu bila kumwomba mtu msaada.

Watu wa Dar wanaipigia pesa hesabu mpaka inapoishia. Sikiliza tunavyoagizana: "Nitumie elfu ishirini na ya kutolea." Anayetuma anambebea mwenzake makato kwa sababu wote wanajua hiyo pesa hailali kwenye simu. Kesho alfajiri mpokeaji anapanda daladala, na konda anataka pesa mkononi. Akifika Ilala sokoni kufuata nyanya, mwenye tenga naye anataka noti, maana lazima awalipe wapagazi papo hapo. Sasa mteja wako mwenye noti mfukoni, ambayo ameshaikatia makato kwa wakala, airudishe kwenye simu ili iweje?

Halafu ikaja tozo ya miamala, Julai 2021: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwepo. Kibandani nililiona badiliko wiki ileile. Mtu anauliza "kutoa laki moja wanakata ngapi?", ukimtajia ananyamaza, anaondoka. Waliokuwa wanatuma nyumbani kidogo kidogo wakaanza kukusanya na kusubiri ndugu anayesafiri, au kumkabidhi bahasha dereva wa basi la mkoani. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, 2022 ikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta kwenye kutuma na kuibakiza kwenye kutoa. Serikali ilisema inataka madarasa na vituo vya afya, na lengo hilo mimi naliheshimu. Lakini mteja aliyekwishajifunza kukwepa simu harudi siku tangazo linaposomwa bungeni. Wengine nawajua mpaka leo wakipokea tu, wanatoa yote.

Kuna jambo la wauzaji wenyewe pia, ambalo hatupendi kulisema. Pesa ya lipa namba inaacha kumbukumbu, na wengi wanahofia makadirio ya kodi yatapanda. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Katika hali hiyo usishangae muuzaji anayeficha kibao cha lipa namba nyuma ya kalenda, au anayekwambia "mtandao unasumbua" huku wewe unatuma meseji vizuri tu.

Kwa hiyo ushauri wangu, anzia kwa anayekuuzia mzigo, mteja atafuata. Muulize muuzaji wako wa jumla kama atapokea kutoka kwenye lipa namba yako moja kwa moja. Mimi wangu wa nyaya alikubali baada ya kubembelezwa sana, na tangu hapo sina haja ya kutoa pesa kila jioni, wala simwongezei mteja mia tano ya makato kwenye bei. Mwambie mteja wazi kwamba bei ya simu na ya noti ni moja, na uiandike ukutani kwa kalamu nene. Mafundi wanaonunua kwangu mara kwa mara walihamia wenyewe, wapita njia bado wanatoa noti, nami nazipokea vizuri tu.

Nyaraka za kodi zitunze tangu siku ya kwanza, mkuu. Ukikadiriwa, kumbukumbu za simu zitakutetea kama na manunuzi yako yana risiti.