Hedhi imekata, hedhi inachelewa: maswali yenu kuhusu chakula na kushika mimba

Daktari, najiandaa na mbio za kilomita 42. Sijaona siku zangu miezi minne sasa. Kocha anasema ni dalili kwamba mwili umeiva. Kweli?

Si kweli, na tafadhali umwambie. Mwili hulisha kwanza moyo, ubongo na misuli. Uzazi hupata kinachobaki. Tuseme una kilo 45 ukitoa mafuta, unakula kalori 1,800 kwa siku na mazoezi yanachoma 700. Zimebaki 1,100, kama 24 kwa kila kilo. Mwaka 2003, Anne Loucks na Jean Thuma wa Marekani walionyesha kuwa zikishuka chini ya 30, utoaji wa homoni ya LH huvurugika ndani ya siku tano tu. Bila LH ya kutosha, yai halitoki. Na haya humpata hata mwenye uzito wa kawaida, kwa hiyo kioo kisikudanganye.

Ongeza chakula, punguza mbio kwa muda, nenda hospitali. Pima mimba kwanza, kisha homoni za tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu itoke tu, uliza maswali: damu hiyo haionyeshi kwamba yai limepevuka, na mifupa yako inaweza kuendelea kudhoofika.

Mimi ni mnene, hedhi huja kila baada ya miezi miwili au mitatu, ndevu zinaniota. Nimeambiwa nina PCOS, tatizo la homoni na ovari. Nijinyime chakula?

Usijinyime, dada yangu. Kwa wengi wenye hali hii seli haziitikii insulini vizuri, kongosho linaongeza insulini, nayo huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai yanakwama kabla ya kupevuka. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa mwenye kilo 90, hedhi inaweza kurudi. Anza na soda na sukari ya chai. Ugali upungue, maharage na mboga viongezeke. Wembamba pia hupata PCOS, basi asikusimange mtu. Kama unatafuta mimba, dawa ya kupevusha yai, letrozoli, ipo. Mumeo naye apimwe mbegu.

Nanyonyesha mtoto wa miezi minane, hedhi bado. Naweza kushika mimba?

Ndiyo. Yai la kwanza linaweza kutangulia damu. Kama hujawa tayari, anza uzazi wa mpango wiki hii.