Kelele ndani ya Hiace kuukuu: fuata vumbi kabla hujafungua pochi

Gari linaloingiza vumbi linaingiza na kelele, tena kwa matundu yaleyale. Sisi wa Dodoma tuna bahati hapo, maana vumbi letu halijifichi. Wenzetu wa miji yenye lami hadi mlangoni watahangaika kutega sikio huku na kule wakitafuta mlio unakotokea. Wewe pita barabara ya udongo na madirisha yamefungwa, kisha simama, washa tochi na uangalie vumbi limejipanga wapi.

Yangu ni Hiace ya 1997, injini ya dizeli ya 3L, ile ya lita 2.8. Viti vya nyuma tulivitoa tukaweka kitanda, kabati la vyombo na nafasi ya ndoo za asali, kwa sababu biashara yetu inatupeleka Manyoni na Itigi, na kulala humo ndani ni nafuu kuliko gesti. Zamani tukishavuka Bahi, mimi na mama watoto tulikuwa tunaongea kwa ishara. Sasa tunaongea, na wakati mwingine tunagombana, lakini kwa sauti za kawaida.

Ushauri utakaoupata kwanza kila mahali ni ununue shiti za kuzuia kelele ubandike gari zima. Subiri kidogo. Sauti ni hewa inayotikisika, na pakipita hewa nayo inapita. Tundu lenye eneo la asilimia 1 tu ya ukuta linatosha kuufanya ukuta wote usipunguze kelele kwa zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama sehemu iliyobaki ni zege. Kwa hiyo pesa ya shiti inapotea kama mpira wa mlango wa nyuma umelala.

Kwenye magari ya aina hii vumbi huonekana sana sehemu hizi: pembe za chini za mlango wa nyuma, reli ya mlango wa kuburuza, matundu ya nyaya chini ya dashibodi, na matundu ya boliti za viti vilivyotolewa. Hayo ya boliti watu huyasahau kabisa kwa sababu zulia limeyafunika. Yazibe kwa boliti fupi yenye washa ya mpira. Kwenye milango, funga mlango ukiwa umebana karatasi katikati, halafu ivute. Ikitoka kirahisi, mpira haugusi. Usikimbilie kununua mpira mpya. Mwambie fundi alegeze komeo la mlango alisogeze ndani kidogo, maana mara nyingi mpira bado mzima, ila mlango wenyewe ndio umelegea.

Sehemu ninayotaka uipe muda zaidi ni kifuniko cha injini. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, yaani umeikalia. Kifuniko kile kina mpira wake kuzunguka ukingo, na kwenye gari lililofunguliwa na mafundi wengi mpira huo huwa umekatika, umeyeyuka au haupo kabisa, na klipu moja haibani. Dalili zake ni joto kwenye mapaja, mngurumo unaopanda kila ukikanyaga mafuta, na harufu ya moshi kwenye kilima. Hiyo harufu usiichukulie poa: moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu na inaua. Kwanza hakikisha eksozi haivuji, ndipo uweke mpira mpya unaostahimili joto na klipu zinazobana. Chini ya kifuniko tumia kitambaa cha nyuzi za glasi chenye aluminiamu, si kitu kingine. Kazi hii ndogo ndiyo iliyotupa nafuu kubwa kuliko zote, na shiti nilikuwa sijanunua hata moja.

Cheki pia maunting za injini, yaani vile vishikizo vyenye mpira vinavyoibeba. Zikikatika, bodi nzima inatetemeka gari likiwa limesimama, na hakuna zulia litakalokusaidia.

Sasa tairi. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umekauka, na mpira mkavu hupiga kelele sana kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza. Pitisha kiganja juu ya meno. Ukihisi mabonde na vilima, hapo ndipo unapotoka ule mvumo unaofanana na beringi mbovu. Kutofautisha: barabara ikiwa tupu na mwendo ni mdogo, yumbisha gari polepole kushoto na kulia. Mlio ukibadilika kila uzito unapohama, peleka gari kwa fundi wa beringi. Ukibadilisha tairi, usishuke kwenye kiwango cha kubeba uzito eti kwa ajili ya ukimya. Hiace hubeba mizigo, na tairi laini la gari dogo litapasuka.

Baada ya hayo yote, shiti. Gonga sinia uone linavyolia, kisha liguse kwa kiganja ukigonga tena. Shiti ya butili (mpira laini unaonata) yenye aluminiamu juu inafanya kazi ya kiganja hicho kwenye bati la bodi. Ndiyo maana haihitaji kufunika kila inchi. Robo hadi theluthi ya kila bati, ukibandika katikati panapolia zaidi, inatosha, na pesa inayobaki nunua mafuta. Anza na matao ya magurudumu ya nyuma, kisha sakafu, kisha paa. Utazipata kwenye maduka yanayofunga muziki wa magari. Futa bati kwa spiriti, anika shiti juani zilainike, kandamiza kwa rola. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, usivizibe, mlango utaoza.

Fundi mmoja aliniambia, “Bosi, unatupa hela, weka lami ya kuzibia paa, ni kitu kilekile.” Si kilekile. Bati la gari lililoegeshwa kwenye jua la Dodoma la Oktoba huwaka kiasi cha kukuunguza mkono, na lami hulainika, hunuka, huchuruzika. Sponji la godoro nalo ni baya zaidi: linanyonya maji na kuozesha bodi, na likishika moto hutoa moshi wenye sumu. Usiliweke kwenye chombo unacholala ndani yake. Juu ya shiti za sakafuni tandika tabaka la povu lisilonyonya maji, kisha mpira mzito wa kilo 5 hivi kwa kila mita ya mraba. Hapo unazuia mngurumo wa chini, ambao zulia la kawaida haligusi.

Vitu vidogo: funga jeki kwa gunia, tenganisha sufuria kwa vitambaa, toa keria kama hubebi kitu juu, maana kuanzia mwendo wa 80 inaimba.

Ukishaziba kila kitu utagundua jambo moja: vumbi haliingii, na hewa pia haiingii. Watu wawili wakilala humo usiku kucha asubuhi vioo vinalia maji na kichwa kinauma. Weka kitundu cha hewa cha paani chenye mfuniko wa kufungua, au acha madirisha mawili ya pande tofauti wazi kidogo yakiwa na wavu wa mbu. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata Januari mvua ikimwaga. Pikia chini ya turubai nje.