Mwizi wa Dirishani na Laini Isiyofungwa

Swali: Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tanga, na nimepanga chumba Ngamiani pamoja na mwenzangu. Hivi karibuni mwenzangu aliibiwa simu usiku kupitia dirishani tukiwa tumelala. Kufikia asubuhi fedha zake zote za matumizi zilikuwa zimehamishwa kutoka kwenye akaunti ya simu, na wanafunzi wenzetu walikuwa wakiombwa fedha kwa jina lake kwenye WhatsApp. Simu ilikuwa imefungwa kwa nywila, na anaapa kwamba hakuna aliyejua namba yake ya siri. Imewezekanaje, na tujilinde vipi?

Jibu: Mpe mwenzako pole zangu, na umwambie kwamba ninamwamini, kwa kuwa yaliyompata yanawezekana bila yeye kumwambia mtu yeyote siri yake.

Nywila ya skrini hulinda simu, lakini hailindi laini. Mwizi anayejua kazi yake hasumbuki kufungua simu uliyoifunga. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu yake, na kuanzia dakika hiyo kila anayekupigia anampigia yeye, na kila ujumbe mfupi unaotumwa kwako unamfikia yeye. WhatsApp humtambua mtumiaji kwa tarakimu 6 zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo alichohitaji ni kuandika namba ya mwenzako na kusubiri tarakimu hizo. Mazungumzo ya zamani hakuyaona, lakini makundi yalijitokeza yenyewe pamoja na wanachama wake, na kundi la darasa likampatia orodha kamili ya watu wa kuwaomba.

Kuhusu fedha, muulize mwenzako kwa upole kama namba yake ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, na kama ndani ya kava la simu alikuwa ameweka kitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Anayeokota kitambulisho hicho nyuma ya simu ameokota pia namba za kwanza ambazo mwizi yeyote atazijaribu, pamoja na majibu ya maswali ya utambulisho yanayoulizwa na huduma kwa wateja. Vijana wengi huliona kava kuwa mahali salama kwa sababu simu haibanduki mkononi. Ninakuomba ukiondoe cha kwako leo, pamoja na kadi ya benki, na ufute picha ya kitambulisho uliyowahi kumtumia mtu wa stesheneri ili akutolee nakala.

Hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni kuifunga laini yenyewe kwa PIN. Ingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa usalama, utafute sehemu ya kufunga laini. Utadaiwa PIN ya awali, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye kadi kubwa uliyobandulia laini, karibu na namba ya PUK, ile ya kufungulia laini iliyojifunga. Usiibahatishe: ukikosea mara 3 laini itadai PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini hiyo haitumiki tena. Ukishaifunga, kila inapochomekwa kwenye simu nyingine au simu inapozimwa na kuwashwa, itadai PIN kwanza. Ongeza uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, yaani namba ya siri ya ziada unayojiwekea mwenyewe, na uzuie maandishi ya ujumbe yasionekane skrini ikiwa imefungwa, kwa sababu mwizi anayeiacha laini mahali pake bado anaweza kusoma tarakimu zinazoingia.

Sasa dirisha. Joto la Tanga, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, halimruhusu mtu kulala dirisha likiwa limefungwa, na wezi wanalijua hilo vizuri. Wavu wa mbu hukatwa kwa wembe kwenye kona moja tu, kisha hupenyezwa fito yenye msumari uliopindwa, na kinachovuliwa ni begi lililoning'inizwa, suruali yenye pochi, au simu inayochajiwa karibu na dirisha. Nondo humzuia mtu, hazizuii fito. Kwa hiyo hamisheni kitanda na sehemu ya kuchajia hadi ukuta wa mbali, na kompyuta mpakato ilale ndani ya sanduku au kabati. Mwombeni mwenye nyumba aweke wavu wa chuma badala ya ule wa plastiki. Gharama yake ni ndogo mkichangiana wapangaji.

Mkikuta mtu tayari yumo chumbani, au mkizuiwa njiani mnaporudi usiku kutoka stendi ya Kange, toeni kinachodaiwa. Hakuna kifaa kinachostahili kisu.

Kompyuta ina hasara yake ya pekee, nayo ni kazi zako. Nakili utafiti wako mara kwa mara mahali pengine nje ya chumba hicho, washa usimbaji wa diski ili anayeiiba asisome kilichomo, na uandike namba ya utambulisho ya kompyuta pamoja na ile ya simu, yaani IMEI, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#, kwenye daftari linalobaki nyumbani kwa wazazi.

Wizi ukitokea, jambo la kwanza ni kuizuia laini, hata kabla ya kwenda polisi. Azima simu ya mtandao uleule na upige 100, kwa sababu ukiazima ya mtandao mwingine utaipata huduma ya mtandao huo. Kisha nenda kituoni uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ukiwa na IMEI na risiti, na uhakikishe imeandikwa kwamba umeibiwa. Taarifa ya upotevu ni jambo tofauti, na wengi hutoka nayo wakidhani wamefungua shauri. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye aambiwe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama nyumba nyingine za mtaa huo zimeguswa.

Mwenzako akisharudishiwa laini kwa alama za vidole, apige *106# ahakiki ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, aikane yoyote asiyoitambua, na atume namba zilizotumika kuwaomba wenzenu fedha kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Waliokwisha kutuma fedha wasione haya. Nao watoe maelezo kituoni wakiwa na ujumbe wa muamala, kwa sababu namba iliyopokea ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na polisi wataanzia hapo.