Goti moja, namba mbili: kwa wewe uliyeambiwa hujui kupima

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ya fiziotherapia. Alipima goti la mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, akapata nyuzi 92 za kukunja. Msimamizi wake akapima baada yake, akapata 105, kisha akamwambia mbele ya mgonjwa na wenzake kwamba hajui hata kushika goniomita, kile kifaa cha mikono miwili tunachopimia pembe ya kiungo. Ananiuliza: "Dada, kati yetu nani yuko sahihi?" Ujumbe huo umenitonesha kidonda, nitaeleza kwa nini.

Kwanza nikujibu, mdogo wangu. Nyuzi 13 ni nyingi mno kuisingizia goniomita. Mtafiti Boone na wenzake walilichunguza jambo hili mwaka 1978. Walionyesha kuwa mtu yuleyule akirudia kipimo kilekile, mabadiliko ya nyuzi 3 au 4 yanatosha kusema kiungo kimebadilika kweli. Wapimaji wakiwa zaidi ya mmoja, tofauti inatakiwa izidi nyuzi 5 kwa viungo vya mkono na 6 kwa vya mguu. Kwa hiyo 13 ina chanzo chake, na chanzo hicho nilikipata nilipokuuliza mgonjwa alikaaje na nani alilikunja lile goti. Wewe ulimlaza chali ukamwambia akunje mwenyewe. Msimamizi alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akausukuma muundi kwa mkono wake mpaka ukagoma.

Basi hapo mlipima vitu viwili. Mgonjwa akikunja mwenyewe, unapima kiungo pamoja na nguvu ya misuli, maumivu, woga na utayari wake. Ukimkunjia wewe, unapima kiungo chenyewe kinaruhusu wapi. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalokwambia uanzie wapi. Goti ambalo wewe unalinyoosha mpaka 0, lakini mgonjwa mwenyewe akilinyoosha anaishia nyuzi 15 kabla halijanyooka, lina shida ya misuli ya mbele ya paja, na huna sababu ya kulivuta. Goti linalogoma palepale, akunje yeye au umkunjie wewe, lina kizuizi ndani au kandokando ya kiungo. Hapo ndipo mkono wako lazima usikilize mwisho wa mwendo: ni laini kama nyama inayokutana na nyama, ni mgumu kama mfupa juu ya mfupa, au mgonjwa anakusimamisha kwa maumivu kabla hujahisi kizuizi chochote? Andika na hilo.

Sasa kidonda changu.

Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, nilipewa mama mmoja aliyevunjika mfupa wa paja. Piopi ilikuwa imetolewa, mfupa umeunga, goti limekakamaa. Nilimpima nikapata kukunja mwenyewe 62, kukunjiwa 74, nikaandika kwenye faili pamoja na mlalo na mahali nilipoweka kila mkono wa goniomita. Mkuu wangu alipita, akalitazama lile goti kwa macho akiwa amesimama miguuni pa kitanda, akasema, "Hiyo ni tisini." Akaikata namba yangu kwa kalamu, akaandika 90. Nilipojaribu kumweleza akaniambia niache kujifanya profesa. Wenzangu walicheka.

Tofauti ya 62 na 90 ni maisha ya mtu. Kutembea kwenye sakafu tambarare kunahitaji goti likunjike kama nyuzi 60 hivi, kwa hiyo yule mama aliweza kutembea chumbani na akaonekana anaendelea vizuri. Kupanda ngazi, kukaa kwenye kiti na kuinuka kunadai kukunja kwa nyuzi 90 au zaidi kidogo. Aliyesoma 90 kwenye faili lile alimwona mgonjwa aliyekwisha vuka, akampangia tarehe ya kurudi iliyo mbali zaidi. Aliporudi, daktari wa upasuaji alitaka kujua kwa nini goti limeshuka kutoka 90 hadi 70 na ushee. Halikuwa limeshuka. Daktari alisoma maandishi yangu chini ya ile kalamu, akaagiza nipime tena mbele yake, akaona nilivyofanya, na tangu siku hiyo akawa ananiita mimi kumpimia wagonjwa wake. Mkuu wangu hakuwahi kuniambia samahani. Nimekuja kuongoza kitengo mimi mwenyewe, na bado likinijia linaniuma, zaidi kwa ajili ya yule mama aliyepoteza wiki za mazoezi wakati kiungo bado kinasikia.

Kwa hiyo ninaposema shika goniomita kila mara, sisemi kwa sababu kitabu kimesema. Jicho linakadiria kile linachotaka kuona.

Na uishike hivi, kwa goti. Mlaze chali, ung'oe mto chini ya goti, paja liwe wazi. Usipime juu ya suruali. Usitafute alama kwa macho, zitafute kwa vidole. Papasa upande wa nje wa goti mpaka upate ile nundu ya mfupa wa paja, epikondili ya nje: hapo weka mhimili, yaani pale mikono miwili ya goniomita inapoungana. Mkono usiotembea uelekeze kwenye trokanta kubwa, ile nundu ya juu ya mfupa wa paja kando ya nyonga. Kama huipati kwa sababu ya unene wa paja, weka kiganja kando ya nyonga, mwambie azungushe mguu ndani na nje, utaisikia ikitembea chini ya kiganja. Mkono unaotembea uelekeze kwenye nundu ya nje ya kifundo cha mguu. Mwache akunje huku kisigino kikiteleza kitandani na nyonga nayo ikikunjika. Kisha inama. Macho yako yawe sawa na kipimo, maana ukisoma ukiwa umesimama wima namba inahama. Ondoa vifaa, papasa tena, rudia.

Kwa nini nyonga ikunjike? Kuna msuli wa mbele ya paja unaovuka nyonga na goti kwa pamoja. Ukimlaza mgonjwa kifudifudi nyonga inanyooka, msuli ule unakazika, na goti linagoma mapema. Hujapima goti tena, umepima urefu wa msuli. Ndivyo ilivyo kwenye kifundo cha mguu: ukitaka kujua kiungo kinapanda juu kiasi gani, likunje goti kwanza ili misuli ya nyuma ya muundi ilegee. Na bega nalo! Mtu mwenye bega gumu anainua mkono na kuupinda mgongo kwa nyuma kwa pamoja, ukiangalia mkono tu utashangilia nyuzi 160 ambazo 30 kati yake ni za kiuno. Mkunje magoti, mgongo ulale kitandani, uone namba ya kweli.

Kuhusu kuandika, "goti 105" haitoshi. Lilianzia wapi? Goti linaloanzia 15 na kuishia 105 lina mwendo wa nyuzi 90, na lile linaloanzia 0 ni goti lingine kabisa. Andika mwanzo na mwisho, andika nani alikunja, mlalo, kabla au baada ya mazoezi, na maumivu yalianzia nyuzi ngapi. Usiandike alama ya kutoa, kila mtu anaisoma anavyotaka. Na usikimbilie kulinganisha na jedwali la viwango vya kawaida. Mwongozo wa madaktari wa mifupa wa Marekani wa mwaka 1965 unataja nyuzi 135 kwa goti, vitabu vingine vinataja 140 au 150. Pima mguu wa pili wa mgonjwa huyohuyo, ila kama nao una historia yake.

Jambo moja linaloniudhi niliseme: wapo wenzetu waliosoma, wenye vyeti ukutani, ambao goniomita zao zimelala droo tangu wahitimu. Wanaandika "imepungua kidogo" na mgonjwa analipa kwa hayo maneno. Ndugu zangu, mgonjwa ametuamini. Anatuuliza kama anapata nafuu, na sisi tunamjibu kwa kukisia. Tukitaka madaktari watuheshimu, tuwape namba inayoweza kurudiwa na mtu mwingine ikatoka vilevile. Wewe unayeanza leo usijifunze uvivu wa waliokutangulia. Pima kila mgonjwa, kila mara, kwa namna ileile.

Kesho, mdogo wangu, usimpelekee msimamizi ujumbe wangu huu. Mwombe kwa adabu mpime pamoja, nje ya macho ya mgonjwa mkubaliane kwanza mlalo na nani anakunja, halafu kila mmoja apime bila kumwonyesha mwenzake kipimo. Hakikisha daktari wa upasuaji hajaweka kikomo cha kukunja. Kama kipo, mwisho wenu ni hapo. Kwenye faili usifute 92 yako. Ongeza pembeni yake "amekunja mwenyewe, amelala chali", na kwenye 105 "amekunjiwa, ameketi". Kisha niandikie mmepata ngapi.