Maswali yenu ya DTP (kupanga kurasa za kuchapa kwa kompyuta), na hizi picha za WhatsApp mtaniua

Haya, yamejaa tena. Nimechagua machache, mengine yote ni lile lile la laptop.

*Nimemaliza Form 4, matokeo si mazuri. Naweza kusoma DTP na kutengeneza picha kwenye chuo cha amali? (Wete)*

Mafunzo ya amali yapo khasa kwa watu kama wewe, hebu acha kujidharau. Nenda chuo cha amali cha Vitongoji mwenyewe ukaulize kozi zipi zipo sasa, usiniulize mimi. Na usiishie kwenye ada tu, uliza kila mtu ana kompyuta yake au mnakaa watatu mnamtazama mmoja akibonyeza, uliza kama kuna printa inayofanya kazi, maana nimeshaona vijana wana cheti kizuri cha DTP na hawajawahi kushika karatasi moja waliyoipanga wenyewe.

*Laptop gani ninunue?*

Nimeshajibu. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikiwa chini ya 8 GB usinunue, 16 ukiweza. Basi.

*Photoshop ya kreki (ya wizi, isiyolipiwa) ina ubaya gani?*

Ubaya wake ni virusi mnavyoniletea kwenye flashi. Programu za GIMP, Inkscape na Scribus ni bure, jifunzie hapo.

*Picha kwenye simu safi kabisa, nikaiweka kwenye kalenda ya A4 imepasuka pasuka. Printa mbovu? (Mwanakwerekwe)*

Printa haina kosa, kosa ni lako wewe na hiyo WhatsApp. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kila inchi) inataka pikseli 2480 kwa 3508, na picha ukiituma kawaida WhatsApp inaibana, upande mrefu unabaki 1600 hivi, sasa ukiivuta ijae ukurasa kompyuta inabuni rangi za kujazia ndo hayo mawingu unayoyaona. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, si kama picha, au alete flashi. Na kuandika 300 kwenye kisanduku cha dpi hakuongezi kitu kama picha yenyewe haina, jamani, hili nalisema kila mara! Ukimaliza acha milimita 3 pembeni za kukatia.

*Buluu yangu inang'aa kwenye skrini, kwenye karatasi imekufa.*

Skrini ni taa, karatasi ni wino. Geuza CMYK (rangi nne za wino wa kuchapia) mapema, si usiku wa kuchapa.

*Bismillahi kwenye kadi ya nikaha inatoka herufi moja moja tena kinyume. (Mkokotoni)*

Programu yako haijui kuunga Kiarabu. Kwenye InDesign na Photoshop kuna mpangilio wa maandishi ya Mashariki ya Kati, uwashe, au andikia Inkscape, inaunga yenyewe. Halafu toa PDF yenye fonti ndani yake, la sivyo mashine ya mchapaji itaivuruga upya. Na kabla hujachapa mpe mtu aliyesoma chuo cha Kurani aipitie, usijiamini. Na Kiswahili pia kisomwe, maana hapo ndo mnapokimbia. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa kadi 300, tarehe ya Jumamosi nikaandika Jumapili, sikumpa mtu kusoma, nusu ya wageni wakaja siku ya pili wamevaa wamependeza, biriani hakuna, na baba wa bibi harusi kakaa barazani ananisubiri mimi.