Msiuze shamba kwanza, anzieni hospitalini

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama muuze shamba ili kaka yako, mkulima aliyevunjika paja, afanyiwe upasuaji atembee tena. Nakusihi, msiliuze kwanza. Akipona atalima wapi?

Ombeni hospitali iwape makadirio ya gharama kwa maandishi, kila kitu na bei yake: chuma cha kuungia mfupa, chumba cha upasuaji, kitanda, dawa, mazoezi ya viungo. Mwulizeni daktari kama kuna chuma cha bei nafuu kinachomfaa. Kisha mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wengi hupita mlangoni kwake bila kujua kwamba msamaha wa gharama au malipo kwa awamu huanzia hapo.

Mkichangisha, onyesheni makadirio hayo, na michango ilipwe hospitalini moja kwa moja. Jirani asiye na pesa aombwe kupalilia.

Ila msikawie. Mfupa ukiunga vibaya, huenda ukalazimika kuvunjwa upya. Na fedha ya mazoezi msiiguse kabisa. Goti lisipokunjwa mapema hukakamaa, hata mfupa ukiwa umeunga vizuri.